Mjadala: Utafiti wa uhalifu una kazi gani kama msako ndio huamua?

Mkaazi wa Kaptembwa, Nakuru

Wenzangu, hoja hii najua itaniletea maneno, lakini naiweka mezani. Mwaka 2022 wanawake waliuawa mmoja baada ya mwingine huko Mawanga, na jina la genge la Confirm likawa midomoni mwa kila mtu Nakuru. Serikali ikaja na operesheni. Wauaji wakamatwe, hapo sina neno. Neno langu ni kuhusu mkia wa kila operesheni nchini humu: msako wa mtaa kwa mtaa, ambapo fundi wa viatu, muuza chang'aa na kijana aliyetoka kununua maziwa wanapakiwa gari moja, na jioni tunaambiwa hali imetulia kwa kuwa selo zimejaa.

Tunacho Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu, kilichoundwa kwa sheria ya 1997. Tunao pia ukaguzi wa mfumo wa haki jinai uliotolewa 2017 na Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki. Ulisema bila kuzunguka kwamba maskini ndio wanaokamatwa, kushtakiwa na kufungwa kuliko wenye nacho, na kwamba sehemu kubwa ya kesi ni za ulevi, kuuza bila leseni na kuzua fujo. Katiba yenyewe, kifungu cha 49, inakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Kifungu hicho hicho kinataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na zikiisha nje ya saa za korti, basi siku ya korti inayofuata. Piga hesabu mwenyewe: ukikamatwa Ijumaa jioni, hakimu unamwona Jumatatu. Katikati hapo ni Jumamosi na Jumapili ya kujadiliana, na sote tunajua kinachojadiliwa.

Swali langu: polisi na kaunti walazimike kuonyesha ushahidi wa kitafiti kabla ya kuanza mkakati wa usalama? Mimi nasema ndiyo.

Mwenye duka, Kondele

Ndugu yangu wa Nakuru, umesoma, nami nakuheshimu kwa hilo. Ila duka langu hapa Kondele, Kisumu, lilivunjwa usiku, na waliovunja nawajua kwa majina yao ya utani. Nilienda kuripoti, nikapewa namba ya OB, lile daftari la matukio la polisi, hadithi ikaishia hapo. Sasa unataka polisi wangoje profesa? Utafiti haujawahi kumtia mtu pingu. Wiki yenye msako nafunga duka saa nne usiku. Wiki isiyo na msako, giza likiingia nami naingia ndani. Huo ndio utafiti wangu, na haukuhitaji ufadhili.

Na hawa wavulana wa shule wanaoanza anza, wapelekwe gereza la Kodiaga waone ndani kulivyo, hata kwa kutembezwa tu. Wataogopa.

Mstaafu wa probesheni, Kakamega

Mwanangu wa Kondele, pole kwa duka. Hilo la kutembeza watoto jela nimelisikia kwenye mabaraza ya machifu hadi nikastaafu, na kila mara lilipigiwa makofi. Lilishajaribiwa. Katika gereza la Rahway, New Jersey, Marekani, miaka ya 1970, wafungwa wa maisha waliletewa vijana watukutu ili wawafokee na kuwaeleza yanayompata mtu humo. Televisheni ikasifu, majimbo mengine yakaiga. Mtafiti James Finckenauer alipolinganisha waliopelekwa na wasiopelekwa, waliopelekwa ndio waliozidi kufanya makosa. Baadaye Anthony Petrosino na wenzake walikusanya majaribio ambamo vijana waligawanywa kwa kura, na jibu likawa lile lile: ziara ilidhuru kuliko kutofanya lolote. Sababu bado inabishaniwa. Mimi niliyekaa na wavulana wa Shikusa, kituo cha kurekebishia vijana waliovunja sheria, nina dhana yangu. Kijana anayetafuta kuonekana mwanaume, ukimwonyesha mwanaume wa kutisha, hataishia kumwogopa. Atataka kuwa yeye.

Adhabu mbadala tunazo tangu Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998. Korti inaweza kumpa mtu kazi ya umma badala ya kifungo cha miaka mitatu au chini yake. Kinachokosekana mara nyingi ni mafuta ya pikipiki ya afisa anayepaswa kwenda kuhakikisha kwamba zahanati imefagiliwa kweli. Sijaona mwanasiasa akikata utepe wa mafuta ya pikipiki.

Msaidizi wa kisheria, Manyatta

Mzee, heshima yako. Ya Rahway nayakubali. Nisichokubali ni kwamba utafiti ukisema, mjadala umekwisha.

Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani Robert Martinson alichapisha makala baada ya yeye na wenzake kupitia tafiti 231 za kurekebisha wahalifu. Watu waliisoma kama hukumu kwamba hakuna kinachofaa. Waliotaka vifungo virefu wakafurahi. Waliowachukia maofisa wanaoamua nani ametubu na nani bado, nao wakafurahi. Mwaka 1979 Martinson mwenyewe aliandika tena kwamba zipo programu zinazosaidia. Nani alimsikiliza? Mwaka 1984 Marekani ilipitisha sheria iliyofuta parole, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti, katika magereza ya shirikisho. Alisikilizwa pale tu aliposema walichotaka kusikia.

La pili linagusa kazi yangu ya kila siku. Watafiti Lawrence Sherman na Richard Berk walitangaza mwaka 1984 matokeo ya jaribio la Minneapolis, Marekani: mume mpigaji akikamatwa, harudii sana kama yule aliyepewa nasaha au kuondolewa nyumbani kwa saa chache. Mji mmoja, kesi mia tatu na kitu, na majimbo mengi yakafanya kukamata kuwa lazima. Jaribio liliporudiwa miji mingine, Milwaukee ikiwemo, ilionekana kwamba kukamatwa kulimtuliza mwenye kazi ya kupoteza, na asiye na kazi kulimwongezea ukali. Haya niambieni, hapa Kisumu, Manyatta na Nyalenda, wenye kazi ya kupoteza ni wangapi? Sisemi mpigaji aachwe. Sheria ya 2015 ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani inamruhusu mwanamke kuomba amri ya korti ya kumlinda, na tunaitumia. Nasema utafiti wa ugenini ukiletwa hapa bila kupimwa hapa, kosa lake litalipwa na mwanamke wa hapa.

Mwenye duka, Kondele

Kumbe hata nyinyi wasomi hamjaafikiana. Mimi nangoja nini basi?

Mkaazi wa Kaptembwa, Nakuru

Swali lako ni la haki. Kwanza, njia tuliyozoea haina rekodi ya kujivunia. Mwaka 2010 serikali ilipiga marufuku makundi 33 kupitia gazeti rasmi la serikali, Baghdad Boys wakiwemo. Kuna aliyewahi kuona genge limesoma gazeti likavunjika?

Pili, huko Kansas City, Marekani, mwaka 1972 na 1973 polisi waliongeza doria za magari sehemu fulani, wakaziondoa sehemu nyingine, na kwingine wakaacha zilivyokuwa. Uhalifu haukubadilika, na wakaazi hata hawakutambua tofauti. Lakini Sherman huyo huyo aliyetajwa na dada, akiwa na David Weisburd, alijaribu jambo jingine Minneapolis mwishoni mwa miaka ya 1980: polisi wasimame mara kwa mara kwenye kona chache zinazotoa simu nyingi za dharura. Fujo zilipungua kwenye kona hizo, na miji mingine imepata matokeo ya namna hiyo. Kwa hiyo kaka, kutaka polisi hukukosea. Kosa ni kuwamwaga mtaa mzima. Kondele yote si hatari. Kuna kichochoro, na kuna saa.

Kichochoro hicho unakijua wewe na inakijua OB. Ripoti ya polisi ya kila mwaka inatupa hesabu kwa kaunti, nayo haimfai mtu wa Kondele wala wa Rhonda huku Nakuru. Hata OB ina upofu wake: aliyeibiwa simu akaona kuripoti ni kupoteza nauli, hayumo. Kituo kinachopokea watu kwa adabu kitaonekana kina uhalifu mwingi kuliko kile ambacho wananchi wanakikwepa. Halafu kamanda wa kile cha kwanza ndiye atakayeulizwa maswali. Mtafiti asiyelijua hili atatudanganya kwa nia njema kabisa.

Dada, kuhusu ugenini uko sahihi, ila si kila utafiti ni wa Marekani. Monrovia, Liberia, vijana 999 wa wizi na fujo za mitaani waligawanywa kwa kura. Wengine walipata wiki nane za mafunzo ya kutawala hasira na fikra zao, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Miaka kumi baadaye, waliopata vyote viwili walikuwa wakifanya uhalifu karibu nusu ya wale wasiopata chochote. Pesa peke yake haikudumu hivyo. Hata hili nisingetaka tulibebe jinsi lilivyo. Lijaribiwe Kaptembwa na Obunga ya Kisumu kwanza, na anayelisimamia asiwe yule yule anayetafuta kura.

Mwenye duka, Kondele

Ya kona nimeyapokea. Ya kumpa mwizi dola 200 nitahitaji muda, na mke wangu atahitaji zaidi. Lakini nikienda kuuliza hesabu za kichochoro changu nitaambiwa ni siri ya kituo. Hapo watafiti wenu watanisaidia vipi?

Msaidizi wa kisheria, Manyatta

Hapo hauhitaji mtafiti. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andika barua, weka tarehe, wagongee muhuri kwenye nakala yako. Wana siku 21 za kujibu. Usiombe majina ya watu, wataikataa papo hapo. Omba idadi, mahali na saa. Ukikwama, njoo Manyatta tuiandike pamoja.