Kuhama Nairobi kwenda Arusha: gharama ipi ni nzito zaidi?

Swali: Habari zenu. Nafikiria kuhamia Arusha pamoja na mke wangu na mtoto aliye shule ya msingi. Je, ni gharama ipi humshtua zaidi Mkenya anapofika huko?

Jibu: Kodi ya nyumba, ndugu. Nairobi umezoea kulipa kila mwezi, lakini huku wenye nyumba wengi hudai ya miezi sita, wengine ya mwaka mzima, kabla hawajakukabidhi funguo, na dalali naye anasubiri kodi ya mwezi mmoja.

Jibu: Chakula hakitakusumbua, hasa ukinunua ndizi na mboga Soko la Kilombero. Piga hesabu ya ada, kwani shule nyingi zinazofundisha kwa Kiingereza ni za binafsi.

Jibu: Kuvuka mpaka pale Namanga ni rahisi, kibali cha kazi ndicho chenye gharama.