Seva yangu ikifunga soketi (njia yake ya mawasiliano na simu), risiti inafika nusu. Msaada wakuu

Mwana Kibirizi
Habari za jioni wakuu. Nipo Kigoma, nimeandika seva kwa C kwenye Linux. Mawakala wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi wanatuma orodha ya mizigo iliyopimwa kwa simu, seva inajumlisha, inarudisha risiti, kisha inaita close kufunga soketi. Nyumbani kwa waifai inakwenda vizuri tu. Mwaloni mtandao ukiyumba, risiti inafika nusu na simu inasema "Connection reset by peer". Send, amri ya kutuma, haijawahi kurudisha kosa. Nimeweka sleep ya sekunde 2 kabla ya close, tatizo limepungua ila halijaisha.

Kijana wa Mwanga
Weka SO_LINGER (muda wa kusubiri wakati wa kufunga) na sifuri, itafunga chap bila usumbufu.

Dada Ujiji
Hapana jamani! Linger ya sifuri inatupa kila kilichobaki kwenye bafa (hifadhi ya muda) na kutuma RST (ishara ya kukata muunganisho ghafla) papo hapo. Utazidi kuua risiti.

Mwana Kibirizi, send kurudi salama maana yake kerneli (kiini cha Linux) imepokea baiti zako, basi. Simu huenda haijaona kitu. Swali: baada ya orodha, simu inatuma chochote kingine?

Mwana Kibirizi
Ndiyo dada, mstari wenye neno MWISHO. Seva haiusubiri, ikishatimiza idadi ya mizigo iliyotajwa mwanzoni inaacha kusoma.

Dada Ujiji
Mchawi wako huyo. Ukiita close huku kuna baiti hujazisoma, Linux haitumi FIN ya kuagana, inatuma RST. Mstari ukifika baada ya close, jibu ni RST vilevile. Simu ikiipata, inaweza kupoteza hata sehemu ya risiti iliyokwisha kufika lakini programu haijaisoma. Kwa waifai MWISHO huenda unaingia pamoja na orodha kwenye recv (amri ya kusoma) moja, mwaloni unachelewa. Sleep inaipa tu simu nafasi ya kuwahi kusoma.

Fanya hivi. Tuma risiti kwa kitanzi, yaani rudia send mpaka baiti ziishe, maana send yaweza kuchukua pungufu ya ulichompa. Ita shutdown yenye SHUT_WR: simu itajua umemaliza kusema, ila wewe bado unasikia. Endelea kusoma na kutupa mpaka recv irudishe 0, ndipo close. Weka na SO_RCVTIMEO (ukomo wa muda wa kusubiri kusoma), simu iliyoishiwa chaji isikushikilie. Usitegemee keepalive (ukaguzi wa kama upande wa pili bado upo): haijawashwa mpaka uiwashe, na hata ukiiwasha, Linux inakaa sekunde 7200 kabla ya kuuliza mara ya kwanza.

Mzee wa Migebuka
Naongezea. Kama unatumia fork (programu kuzaa mchakato mtoto wa kuhudumia simu), mzazi naye afunge nakala yake ya soketi, la sivyo close ya mtoto haikati kitu. Shutdown ndiyo inakata kwa wote. Piga `ss -tan` uangalie hali za miunganisho. CLOSE-WAIT zikijaa, mwenzako ameshaaga na programu yako haijafunga. Hapo utakwama kwenye ukomo wa faili zilizofunguliwa (soketi nazo huhesabiwa), mara nyingi 1024.

Mwana Kibirizi
Asanteni sana, RST zimekoma. Ila sasa naona TIME-WAIT (miunganisho iliyofungwa inayosubiri muda upite) kibao, nizifute?

Mzee wa Migebuka
Ziache. Anayetanguliza FIN ndiye anayebaki nazo, kwa Linux sekunde 60. Seva ikigoma kuwaka upya, weka SO_REUSEADDR (ruhusa ya kutumia tena anwani ileile) kabla ya bind, amri ya kushika anwani.

Dada Ujiji
Na kila mzigo uupe namba yake toka kwenye simu, ili seva iutambue ukirudiwa. Mtandao ukikatika kabla risiti haijafika, wakala atatuma tena, na shutdown haiwezi kukuzuia kuhesabu mizigo ileile mara mbili.