Nimetoka kwa Bwana Msa, nimekwama kwenye Nagona: nipange vipi vitabu vilivyobaki?

Msomaji wa Umoja
Hamjambo wasomaji wenzangu. Nimemaliza Mzimu wa Watu wa Kale, ile ya mpelelezi Bwana Msa, na Vuta n'kuvute, zote zilinishika. Nikaingia Nagona ya Kezilahabi, na sasa siendi mbele wala nyuma. Rafuni zinangoja Kinjeketile, Walenisi, Sauti ya Dhiki, na nataka kununua Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Husoma ndani ya matatu asubuhi na kama nusu saa kabla ya kulala. Nianze na ipi? Na mjini nitanunuaje bila kuuziwa nakala bandia?

Mlinzi wa Rafu
Ndugu, Nagona umeifikia mapema. Kwa Bwana Msa kila dalili iliyookotwa hupata maelezo kitabu kinapoisha. Nagona haina fumbo la namna hiyo. Kezilahabi alipoitoa mwaka 1990, na Mzingile mwaka uliofuata, alikuwa ameuacha uhalisia wa riwaya zake za miaka ya sabini, kwa hiyo anayesoma akingoja kisa kianze atangoja hadi jalada la nyuma.

Iweke kando, usome Kichwamaji (1974). Maswali ni yaleyale, maisha yana maana gani na elimu inamfaa nani, ila huko yamebebwa na Kazimoto, kijana mwenye wazazi, kijiji na mapenzi, kwa hiyo una pa kushika. Kisha urudi. Nagona haifiki kurasa 100. Mara ya kwanza isome kwa mkao mmoja, Jumapili hivi, bila kuandika chochote. Mara ya pili shika penseli na utie alama kila picha inayojirudia. Ukiisoma kurasa tano tano ndani ya matatu itakuponyoka tu, kwa sababu sura hazishikani kwa matukio. Ukishuka stejini uzi umekatika.

Matatu ipe Kinjeketile. Ni tamthilia, unaweza kusimama onyesho linapoisha na kesho ukaendelea pasipo hasara. Jikumbushe kwanza Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, kisha uangalie Ebrahim Hussein anavyomfanya Kinjeketile atilie shaka neno lake mwenyewe. Hapo ndipo penye uzito wote wa mchezo, na wengi hupapita mbio wakikimbilia vita. Usiku soma Peponi, kurasa 15 zinatosha. Walenisi ya Katama Mkangi (1995) ifuate: Dzombo anahukumiwa kifo kwa kurushwa angani ndani ya chombo, na msomaji aliyezoea upelelezi hataitupa.

Binti wa Mvita
Naongezea kuhusu Sauti ya Dhiki, diwani ya mashairi ya Abdilatif Abdalla, maana naona watu wanaisoma kama gazeti. Shairi moja kwa siku, na kwa sauti. Kwenye yale ya mizani (yaani silabi) 16, mstari hukatika katikati, nane kwa nane; hesabu kwa vidole. Ukipata 15, mara nyingi umeimeza "m" inayosimama peke yake: "mtu" ni mizani mbili, m-tu. Lakini "mbuzi" nayo ni mbili, mbu-zi, kwa kuwa "m" hiyo imeshikana na "b". Lahaja ni Kimvita, basi ukikuta "mato" ni macho, na "kuteka" huenda ni kucheka. Tena ujue Abdilatif Abdalla aliyatunga gerezani, kati ya 1969 na 1972, baada ya waraka wake wa kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?". Ukilisoma "Mamba" bila kulijua hilo, utabaki na mnyama wa mtoni.

Karani wa Inama
Kuhusu kununua. Kwa wauzaji wa inama, yaani wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara, vitabu vilivyowahi kutahiniwa shuleni kama Utengano na Kidagaa Kimemwozea havikosekani. Kinachotahiniwa sasa usikinunue Januari, shule zikifunguliwa bei hupanda. Ngoja mtihani wa kidato cha nne upite. Soma jalada lote kabla ya kulipa, kwa sababu mwongozo, kijitabu cha kuchambua riwaya kwa ajili ya mtihani, hufanana na kitabu chenyewe na neno "Mwongozo" huandikwa kwa herufi ndogo.

Nakala bandia utaijua kwa maandishi ya kijivu, pambizo zisizolingana upande huu na huu, na gundi inayopasuka ukikifungua katikati. Kitabu kikuukuu kikague nambari za kurasa: karatasi hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na fungu likichomoka unapoteza kipande kizima cha hadithi.

Msomaji wa Umoja
Asanteni sana. Peponi niisome kwa Kiswahili, au nianze na Kiingereza alichoandikia Gurnah?

Mlinzi wa Rafu
Kiswahili. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis ilitoka 2022, na mazungumzo ya wafanyabiashara wa msafara yamerudi katika lugha ambayo watu hao wangeisema. Kiingereza cha 1994 kisome baadaye ukitaka kulinganisha.

Karani wa Inama
Hiyo ni ya Mkuki na Nyota wa Dar, kwenye inama usiitafute. Agiza katika duka kubwa la vitabu, uwape jina la mfasiri na la mchapishaji, la sivyo watakuletea ya Kiingereza. Kama una mtu Dar, anaweza kukutumia kifurushi kwa basi. Mwambie akifunge kwa nailoni kwanza, ndipo akitie kwenye katoni.