Kusi imeingia na harufu ya banda langu inakwenda kwa jirani: nifanyeje na kinyesi cha nguruwe?

Mfugaji wa Kijiwetanga
Ndugu zangu, naomba msaada. Nafuga nguruwe hapa Kijiwetanga, Malindi: majike 2, dume 1 na watoto 11 walioachishwa ziwa juzi. Banda nilijenga Januari wakati wa kaskazi, harufu yote ikielekea kwenye konde langu la mihogo. Nikajua nimepanga vizuri. Sasa kusi inavuma na harufu inaingia moja kwa moja uani kwa Bibi, jirani yangu wa upande wa kaskazini. Ni mzee, Mwislamu, ndiye aliyenipokea nilipohamia hapa na wanangu, na maji tunateka kisima chake. Hajanitolea neno baya. Jumanne alikuja akasimama mbali, ncha ya kanga puani, akaniambia, "Mwanangu, jana nimeswali nimefunga madirisha." Nilikosa la kumjibu.

Kila asubuhi naosha banda kwa ndoo 8. Maji yanateremka kwa mfereji hadi shimo nililochimba nyuma, na shimo lenyewe halijai hata siku moja. Kutoka hapo hadi kisimani ni hatua 25. Mvua za mwaka ndizo hizi zinaanza. Nguruwe siwezi kuwauza, karo ya watoto inatoka kwao. Nianzie wapi?

Fundi wa visima, Gede
Pole dada. Shimo lisilojaa ndilo linalonitisha. Huku kwetu chini ni mawe ya matumbawe, yamejaa matundu, na maji hupita humo upesi bila kuchujwa. Watu hupima mita 30 baina ya choo na kisima, lakini kwenye mawe kama haya hata hizo mimi siziamini. Acha kulitumia leo. Jenga tangi la zege lenye sakafu, lipigwe plasta ndani, lifunikwe. Maji ya kunywa chemsheni nyote kwa sasa. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila hakuondoi naitreti, ile chumvi inayotoka kwenye kinyesi na kuyeyuka majini, kwa hiyo kama kuna mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo, mtafutieni mengine.

Mzoefu wa Mpeketoni
Ndoo 8 ni nyingi mno, dadangu. Mkojo ukichanganyika na kinyesi ndipo amonia, ile gesi ya harufu kali, inapotoka, na wewe unavikoroga pamoja kila asubuhi. Zoa kwanza kwa beleshi kikiwa kikavu, tia kwenye wilibaro, kisha osha kwa ndoo moja au mbili. Tena nguruwe akiwa na nafasi hachafui anapolala. Weka chombo chake cha maji kwenye kona ya chini kabisa ya banda, utaona mwenyewe wote wanakwenda kujisaidia huko huko.

Ulichozoa usikirundike peke yake. Chana makumbi ya nazi, tandaza tabaka nene, juu yake kinyesi, kisha makumbi tena au mabua ya mahindi, na ufunike kwa makuti na nailoni mvua isilipige. Baada ya siku chache choma chuma katikati ya rundo. Ukikichomoa kikawa moto hata hukishiki, linaiva. Ligeuze kila wiki mbili. Mimi huliacha miezi mitatu au minne, kisha napeleka kwa minazi na mahindi. Kwenye mchicha sitii, kwa sababu ya minyoo.

Mwenyeji wa Shela, Malindi
Dada, kwa Bibi jambo si harufu peke yake. Sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafi, kilichoguswa na majimaji ya nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Ndoo unayooshea banda, ndiyo unayotumbukiza kisimani? Kama ndiyo, hilo ndilo la kwanza, kabla ya zege. Nenda kwake umweleze yote, na la shimo pia, asije akalisikia kwa watu. Na siku ukiuza hiyo mbolea, mtajie mnunuzi ni ya mnyama gani.

Mfugaji wa Kijiwetanga
Ahsanteni sana. Ndoo ni ile ile. Miaka miwili nateka kwake na hakuna aliyeniambia, wala mimi sikuuliza.

Nimekwenda leo baada ya alasiri. Nimemweleza la ndoo, nikamweleza na la shimo. Alinyamaza kwa muda, akaniuliza, "Na wewe na wanao mnayanywa hayo hayo?" Nikamwambia ndiyo. Akasema kisima kitafungwa hadi ajue la kufanya, atamuuliza shehe. Nilipoinuka kuondoka akanionyesha makumbi nyuma ya jiko lake, rundo linanifika kiunoni, akasema nije na wilibaro nichukue yote.

Shimo halijapata tone tangu asubuhi, na ndoo ya banda nimeifunga kamba nyekundu. Fundi wa Gede, kwa nguruwe 14 tangi nichimbe ukubwa gani, na upande gani wa kiwanja?