Mliorudi kuzamia na mtungi wa hewa baada ya kukaa miaka mingi bila kuingia majini, tupeane uzoefu

#1
Wakuu habari zenu. Mimi cheti cha kuzamia nilipata 2009, miaka minne ya mwanzo nilizamia sana, logibuku yangu (daftari la kuandikia kila mzamio) ina daivu 63, yaani mizamio 63, halafu kazi na familia vikanibana nikaacha kabisa. Huu mwaka wa kumi na mbili sijaweka regulata (kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi) mdomoni. Juzi nimefungua begi la vifaa natafuta kitu kingine, ile harufu ya mpira na chumvi ya zamani ikanipanda puani, nikajikuta nimekaa sakafuni nimeshika maski yangu karibu nusu saa. Nataka kurudi wakuu, tena nataka haswa. Kadi yangu bado halali maana hizi kadi haziishi muda, ila kadi kuwa halali sio kwamba mimi bado najua. Mliopita njia hii naomba mnieleze, ulianzaje, nini kilikusumbua, nini kilirudi chenyewe?

#2
Karibu tena mkuu. Mimi nilikaa miaka minane na kosa langu lilikuwa kuviamini vifaa vyangu vya zamani. Nilivitoa stoo, nikavisuuza, nikavuta regulata naona inatoa hewa vizuri, nikasema viko fiti twende.

Tumeshuka mita 6 hivi, nikabonyeza kitufe cha kujaza hewa kwenye jaketi la kuelea, kidogo tu nijiweke sawa, nikaachia. Kitufe hakikurudi. Ssssss inaendelea. Chumvi ilikuwa imeganda ndani ya vali miaka yote ile na mimi nilisuuza nje tu. Jaketi linajaa, linanibana mbavu, nikaanza kupanda bila kutaka. Sasa hapo balaa kubwa ni kupanda huku umebana pumzi, kwa sababu kila mita 10 za maji zinaongeza kama bar moja ya shinikizo, juu uko kwenye bar 1, mita 10 uko kwenye bar 2, ile hewa uliyovuta chini inatanuka unavyopanda na ukiifungia mapafu yanaweza kuchanika hata kama umetokea kina kidogo tu. Kilichonisaidia ni kwamba siku mbili kabla mwalimu alinirudisha bwawani akanifanyisha hilo hilo zoezi mpaka nikachoka. Mkono ukaenda wenyewe kwenye hosi (mpira unaoleta hewa kwenye jaketi), nikavuta kiunganishi nikaichomoa, mkono wa pili nikavuta kamba ya kutoa hewa begani, huku napiga "aaaa" ndani ya regulata hewa itoke. Nikasimama zimebaki kama mita mbili kufika juu. Moyo unadunda mpaka nausikia masikioni.

Kwa hiyo mkuu lile begi lako lipeleke lote kwa fundi wa vifaa vya kuzamia. Regulata ifunguliwe, o-ringi (pete za mpira za kuzuia hewa kuvuja) zibadilishwe hata kama kwa macho ziko nzima maana zinakauka, jaketi lijazwe hewa liachwe usiku kucha uone kama linashika, kompyuta ya kuzamia ibadilishwe betri. Mtungi kama ni wako mwenyewe usiujaze kabla haujapimwa, sehemu nyingi kipimo cha shinikizo ni kila miaka 5.

#3
Masikio wakuu, masikio. Nilirudi baada ya miaka mitano, nikawa nasubiri mpaka yaume ndio nabana pua nasukuma hewa. Unatakiwa uanze ukiwa bado juu kabisa, halafu kila mita moja au hata chini ya hapo, kabla hujasikia chochote. Likigoma panda kidogo ujaribu tena. Mimi nililazimisha kwa sababu wenzangu walikuwa wameshafika chini wananisubiri, nikatoka na damu ndani ya maski na wiki tatu sikio la kushoto nasikia kama limewekewa pamba. Na ukiwa na mafua ahirisha, usimeze dawa ya kufungua pua ukasema utaenda hivyo hivyo, ikiisha nguvu ukiwa chini hewa inanasa wakati wa kupanda.

#4
Mimi niliacha nilipobeba mimba ya kwanza maana wajawazito tunashauriwa tusizamie kabisa, ikaja ya pili, nikashtuka miaka sita imepita. Nilikuwa na daivu zaidi ya 100 kwa hiyo niliona aibu kwenda kufanya refresha (mafunzo ya kujikumbusha) pamoja na wanaoanza, namshukuru sana mume wangu alinikatalia katakata kwenda moja kwa moja baharini.

Bwawani tumesimama maji ya kifuani. Mwalimu anasema piga magoti, jaza maski maji, yatoe. Kitu nimefanya sijui mara ngapi maishani. Maji yalipogusa pua tu nikavuta pumzi kwa pua, nikainuka wima nakohoa, natetemeka mikono, machozi yananitoka. Maji ya kifuani jamani! Yule mwalimu hakunisemesha maneno mengi, aliniambia vua maski kabisa, weka uso majini, pumua kwa regulata tu, hesabu mapovu. Nikahesabu ishirini nikatoka. Nikarudi nikahesabu arobaini. Mara ya nne ndio nikashuka magotini tena, nikaijaza maski, nikainua uso kidogo nikapuliza kwa pua, maji yakatoka yote. Hilo likinikuta mita 18 najijua ningekimbilia juu.

Na kuna kitu sikutegemea, woga ambao sikuwa nao zamani. Zamani nilikuwa naruka majini bila kuwaza, sasa nikikaa ukingoni mwa boti nawaona wanangu. Mwanzo nilidhani ni dalili niache, lakini nimezamia mara 14 tangu hapo na woga bado upo, tunashuka wote. Geji ya hewa naangalia mara mbili zaidi ya zamani.

#5
Rudieni na ishara za mikono. Mwenzangu aliniuliza kama niko sawa, mimi kwa mazoea ya nchi kavu nikamwonyesha dole gumba juu. Chini ya maji hiyo ni "tupande", na yeye akaanza kupanda kweli, mimi nabaki namshangaa anaenda wapi. Sawa ni duara la gumba na kidole cha shahada. Dakika tano tu mkiwa bado juu mnapitia zote.

#6
Asanteni sana. Dada wa #4 umenigusa, kumbe sio mimi peke yangu. Swali jingine, logibuku inasema nilikuwa navaa kilo 6 za risasi (vile vipande vya uzito vya kukushusha), nianze na hizo hizo?

#7
Usianze nazo mdogo wangu. Mwili umebadilika, na kama suti ni mpya hiyo neoprini (mpira wa suti) bado imejaa mapovu inaelea kuliko ile kuukuu iliyokwisha kubonyea. Jipime upya ukiwa na vifaa vyote, maji marefu, jaketi tupu, pumzi ya kawaida umeishika, maji yafike usawa wa macho, ukitoa pumzi ushuke taratibu. Mtungi ukiwa umejaa ongeza kama kilo 2 maana hewa nayo ina uzito, mwisho wa daivu utakuwa mwepesi pale mita 5 unaposimama zile dakika 3 za usalama kabla ya kutoka. Na kipimo cha bwawani usikibebe baharini, maji ya chumvi yanakunyanyua zaidi.

Mimi nilirudi nina miaka 57 baada ya kukaa miaka kumi na tano. Kwenye fomu ya afya kuna swali la presha, na mimi nilikuwa nimeshaanza dawa, mkono ukasita pale nataka kujaza "hapana". Nikajaza ukweli. Daktari alinipima moyo nikitembea kwenye mashine, akanibadilishia dawa, nikacheleweshwa miezi minne na nilikasirika sana siku zile. Moyo ni moja ya sababu kubwa zinazoua wazamiaji, hasa sisi wenye umri, usijaze fomu hiyo kwa haraka.

Hewa nayo utaimaliza mapema. Zamani nilikuwa nakaa dakika 50 kwa mtungi mmoja, daivu ya kwanza ya kurudi, dakika 27 tu nikawa tayari kwenye bar 50, yaani hewa ya akiba. Ilichukua daivu nane kutulia.

#8
Mrejesho wakuu. Vifaa vilikaa kwa fundi wiki mbili, jaketi likakataliwa, limepasuka mshono kwa ndani, nimekodi. Bwawani nimeenda mara mbili, maski ilinisumbua siku ya kwanza, nikafanya ile ya kuhesabu mapovu. Risasi zimefika kilo 8.

Jumamosi nimeingia baharini, mita 9, na mwalimu pembeni yangu. Masikio nilianza nayo juu, yakafunguka moja baada ya jingine. Chini pale nilitulia juu ya mchanga, nikavuta pumzi taratibu mwili ukainuka kidogo, nikatoa ukashuka, bila kugusa kitufe. Hilo ndilo lilirudi lenyewe. Dakika 31.

Nilipotoka nimeandika daivu ya 64 chini ya ile ya 63, wino wa juu umefifia karibu hausomeki.