"Eat" au "have": nawezaje kuandika habari za kula kwa Kiingereza?

Mwandishi Mwanafunzi: Ndugu zangu, ninaandika hadithi fupi kwa Kiingereza, na mhariri wangu amenirudishia rasimu yenye masahihisho karibu kila mahali nilipotumia "eat". Niliandika "They ate breakfast and discussed the wedding", naye akabadilisha kuwa "They had breakfast", ilhali sentensi "The old man ate alone" ameiacha kama ilivyo. Tena, nilipoandika "he ate an oath", nikikusudia kwamba mhusika alikula kiapo, aliifuta bila maelezo. Je, kuna kanuni hapa?

Mfasiri: Ndugu, sentensi yako ya kwanza si kosa la sarufi, lakini mhariri ana hoja. Mlo unapotajwa kama kipindi cha siku au nafasi ya watu kukutana, Kiingereza hupendelea "have". Kitenzi "eat" huvuta macho ya msomaji kwenye tendo lenyewe: njaa, pupa, au kukosa hamu. "She had lunch with her brother" inatuambia alikuwa na nani, ilhali "She ate her lunch standing" inatuonyesha mtu asiye na nafasi hata ya kuketi, na kwa mwandishi wa hadithi tofauti hiyo ni mali. Angalia pia kwamba huandikwa "have lunch" bila kibainishi kama "a", lakini kivumishi kikiingia huwa "have a late lunch".

Mpenda Lugha: Naomba niongeze kuhusu kiapo, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunaponaswa. Kitenzi chetu "kula" kina mawanda mapana mno: tunakula kiapo, tunakula njama, tunakula hasara, mla rushwa anakula rushwa, na aliyeishi miaka mingi amekula chumvi nyingi. Kwa Kiingereza, kiapo na rushwa huchukua "take", na njama ina kitenzi chake, "plot". Hata hivyo, usidhani kwamba lugha hizi mbili hazikutani kabisa. Maana ya kumaliza kitu kidogo kidogo zinayo zote: kutu hula chuma, nayo "rust eats into iron", matengenezo ya nyumba hula akiba, nayo "repairs eat into savings". Lakini "eat one's words" ni kulazimika kukiri kwamba ulichosema hakikuwa sahihi, kwa hiyo usiitumie kwa mtu aliyevunja ahadi tu.

Msomaji wa Zamani: Mimi ningekuonya pia kuhusu methali zilizochakaa. "You can't have your cake and eat it" imo katika mkusanyiko wa methali wa John Heywood wa mwaka 1546, ila humo kula keki kunatangulia kuwa nayo, mpangilio ambao kwangu unaeleweka zaidi. Iache midomoni mwa wahusika wanaopenda methali. Sauti ya msimulizi haiihitaji.

Mwandishi Mwanafunzi: Nawashukuru sana. Sasa naona kwa nini yule mzee aliachiwa "ate": wengine wote ukumbini wako kwenye karamu ya arusi, ilhali yeye ana sahani yake tu. Nimerudi kwenye rasimu na kubakiza "eat" mara tatu, zote zikiwa zake.