Wota pampu: mapanga ya chuma au ya plastiki?

Wakuu, gari yangu inapandisha joto kwenye foleni, fundi kafungua wota pampu (ile inayozungusha maji ya kupoza injini) kakuta mapanga ya plastiki yanayosukuma maji yamepasuka, shafti inazunguka yenyewe, mapanga yamebaki yamesimama, sasa dukani zipo za chuma na za plastiki, nichukue ipi?

— Chuma mkuu, ila ukiendelea kumimina maji ya bomba kwenye rejeta italiwa na kutu, weka kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini yenye dawa ya kuzuia kutu.

— Plastiki si mbaya zote, haishiki kutu. Mi naanza na beringi, izungushe kwa mkono hapohapo dukani, ikikwaruza warudishie. Na kama pampu inaendeshwa na taiming belti (mkanda unaoendesha valvu za injini) badilisha vyote pamoja, usije lipa ufundi mara mbili.

— Asanteni sana, nachukua ya chuma na kulanti.